Ratiba Sitini za Muhula wa Mvua

Jumatatu, 4 Machi

Paa la jengo la nyuma limeondoka. Sisemi limevuja, nasema limeondoka. Upepo wa jana uliling'oa ukalitupa uwanjani kifudifudi. Bahati ilikuwa Jumapili, hakuna aliyekuwamo. Vyumba vitatu vya madarasa sasa ni kuta na madimbwi. Fundi alikuja, akatazama juu, akakuna kichwa, akasema hatapandisha bati hata moja mpaka mvua ziishe. Yaani muhula mzima.

Mkuu wa shule akanigeukia mbele ya walimu wote. "Mwalimu wa taaluma, ratiba." Basi. Kama mtu anayeagiza chai.

Tulikuwa na vyumba kumi na viwili kwa madarasa kumi na mawili. Vimebaki tisa. Ukiongeza maabara na ukumbi unapata kumi na moja. Kila kipindi kuna darasa moja lisilo na pa kukaa.

Jumanne, 5 Machi

Nimeushusha ubao wangu kutoka juu ya kabati. Una misumari mia nne na themanini, kila msumari ni kipindi kimoja cha darasa moja, na kila mwalimu ana vikadi vya rangi yake. Miaka tisa nimepanga ratiba ya shule hii kwa ubao huu, na miaka tisa nimesemwa.

Asubuhi darasa lisilo na chumba litakuwa uwanjani kwa michezo. Mchana mvua inanyesha kila siku saa nane, kama iliyoandikiwa barua ya ajira. Hapo nitawapeleka wapi?

Jumatano, 6 Machi

Mwalimu wa fizikia aliningoja mlangoni mwa ofisi. Ni mtu mpole, hata chaki hushika kama anaogopa kuiumiza. Mke wake alipata kiharusi mwezi wa kwanza. Hospitali imempangia mazoezi ya viungo kila Jumanne na Ijumaa mchana, na hana wa kumwinua ila mumewe.

"Dada," aliniambia, "siombi upendeleo. Naomba tu nijue mapema. Kama haiwezekani, barua ya kuacha kazi nimeshaiandika."

"Usiipeleke."

"Mkuu amenipa mpaka mwisho wa mwezi."

Yeye ndiye mwalimu pekee wa fizikia tuliye naye. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wana mtihani. Nilimwambia nitajaribu, maneno ambayo hata daktari mbaya huyasema.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Migongano thelathini na miwili.

Ijumaa, 8 Machi

Migongano kumi na tisa. Mgongano ni mwalimu mmoja kutakiwa madarasa mawili saa moja, au darasa kukosa mahali, au mwalimu wa fizikia kuwa ubaoni wakati anatakiwa hospitali.

Mkuu amewaomba walimu wote waniletee mapendekezo yao ya ratiba nzima kwa maandishi. Wameleta tisa. La Bwana Kipenga, mwalimu wa michezo, limeandikwa nyuma ya karatasi ya matokeo ya mbio za magunia. Nimehesabu migongano arobaini na mitatu. Huyu ndiye hupinga kila kitu katika kila kikao: chai ikija mapema anapinga, ikichelewa anapinga. Nimecheka hadi machozi, nikaitia karatasi yake kwenye droo ya chini pamoja na betri zilizokufa.

Jumapili, 10 Machi

Wifi yangu amehamia kwetu na mabegi mawili na kompyuta yake. Maji yameingia kwao hadi magotini, na kaka yuko mbali kwenye ujenzi wa barabara. Jirani alimsikia mama akitaja kufika kwa wifi yangu, akashika neno "wifi" tu, akauliza kama tumefungiwa intaneti. Mama akajibu, "Ndiyo, tena inakula sana."

Mama amefurahi kupita kiasi. Mimi nimempisha chumba changu, nimehamia sebuleni na ubao wangu. Kusema kweli wifi sijawahi kumzoea. Anaongea haraka, anacheka kabla hujamaliza kusema, na kazini kwake hupanga safari za magari ya kusambaza dawa. Nilidhani ni kazi ya kukaa tu.

Jumatatu, 11 Machi

Kumi na moja.

Jumanne, 12 Machi

Kumi na moja.

Jumatano, 13 Machi

Bado kumi na moja. Nikihamisha kadi ya hisabati kuokoa fizikia, kemia inagonga historia. Nikiokoa historia, darasa la pili linakaa mvuani. Nimejaribu kila kadi, moja moja, na kila ninapogusa, hali inakuwa mbaya kuliko nilivyoikuta. Navuta shuka kufunika kichwa, miguu inabaki nje.

Wifi alisimama nyuma yangu na bakuli la karanga.

"Wifi, hapo huendi popote."

"Asante kwa kunitia moyo."

"Hapana, nisikilize. Uko juu ya kichuguu, unadhani ni mlima. Kila upande ukipiga hatua unashuka, kwa hiyo unabaki hapohapo. Mlima wenyewe uko ng'ambo ya bonde, na bonde hulitaki kwa sababu ni kushuka."

"Kwa hiyo nivunje ratiba yote nianze upya?"

"Ukianza upya peke yako utapanda kichuguu kingine. Wewe una ubao mmoja. Ungekuwa na mbao sitini, je?"

Nilimwambia ubao mmoja umenitoa mvi, sitini zitanizika. Akacheka. Akaketi sakafuni, akachukua karatasi mbili, akachora ratiba mbili ndogo, mbovu zote. Ya kwanza ilikuwa nzuri Jumatatu hadi Jumatano na takataka baada ya hapo. Ya pili kinyume chake. Akazikata kwa mkasi, akaunganisha vipande vizuri.

"Hizi zimeoana," alisema. "Huyu ndiye mtoto wao."

Mtoto alikuwa na vipindi viwili vya kemia visivyotakiwa na hakuwa na jiografia kabisa, lakini ukimrekebisha hapo tu, alikuwa bora kuliko wazazi wote wawili. Kazi ambayo ningeifanya kwa wiki, kadi kwa kadi, mkasi umeifanya kwa pigo moja.

Nilimhesabu mtoto huyo mara mbili. Mama akauliza kutoka jikoni, "Na hao sitini watalala wapi?"

Alhamisi, 14 Machi

Leo nimekaa na wifi tangu nitoke shule hadi chakula cha jioni, nikimtajia masharti na yeye akiandika. Ameyagawa makosa mafungu mawili: mazito, yaani yasiyowezekana kabisa, na mepesi, yaani yanayoudhi tu. Mwalimu kuwa mahali pawili ni zito. Hisabati kipindi cha mwisho ni jepesi. Aliniuliza, "Mwalimu mmoja kufundisha madarasa mawili kwa pamoja?" Nikasema ni jepesi, lakini aibu. Akaandika jepesi.

Nimegundua kuwa anaposikiliza hacheki.

Jumamosi, 16 Machi

Mkuu ametupa funguo za chumba cha kompyuta. Wifi akaunganisha kompyuta nane za shule, hata ile inayokohoa. Nilimuuliza kwa nini zote. Alisema kila ratiba hupimwa peke yake bila kuisubiri nyingine, kwa hiyo mtu huweza kugawa kazi kama wanawake wanavyogawana mchele wa kuchambua.

Alianza na ratiba sitini. Hamsini na mbili zilitokana na bahati nasibu, nyingine nane ni zile za walimu. Nilimpa nane. Kila mzunguko kompyuta inahesabu makosa ya kila moja, zilizo nzuri zinaoana, watoto wanachukua nafasi ya zilizo mbovu, na hapa na pale kadi moja inahamishwa ovyo, basi tu, ili damu ichemke.

Makosa mazito ya ratiba bora kabisa yalianza arobaini. Yakashuka thelathini na moja. Ishirini. Kumi! Nilisimama. Miaka tisa sijawahi kuona kitu kama hicho: hakuna aliyeng'ang'ania ubao mmoja, sitini zilikuwa zinatafuta pande zote kwa wakati mmoja, na aliyeona kitu huko aliko, watoto wake walikuja nacho.

Saba.

Saba.

Saba. Mizunguko elfu nzima, saba. Na mojawapo ya hizo saba ni Ijumaa ya mwalimu wa fizikia.

Wifi akafungua ratiba moja, kisha nyingine, kisha ya ishirini. Zilikuwa zilezile. "Nimeharibu," alisema. "Nilikuwa na haraka. Nimewaua wabaya wote mapema mno, sasa waliobaki wote ni ndugu. Tunaozesha binamu kwa binamu. Sitini wamekuwa mmoja."

Tumerudi nyumbani tukiwa tumelowa. Nilimwonea huruma njia nzima, jambo ambalo sikulitegemea.

Jumapili, 17 Machi

Baada ya chakula cha mchana wifi aliniuliza, "Hakuna ratiba nyingine yoyote? Hata mbovu. Hasa mbovu. Nataka damu ya mbali."

Nilitafuna polepole.

"Wifi. Mbona unatafuna hivyo?"

"Ipo moja. Sikukupa kwa sababu ilikuwa ya mwisho kwa ubovu."

"Umeficha mtu?"

"Nimeficha karatasi."

"Ya nani?"

Nikamwambia. Mama akapiga kofi mezani. "Mwalimu mzima!"

Tukaenda shule na mwavuli mmoja. Nikaitoa kwenye droo ya chini. Wifi aliisoma, akageuza upande wa mbio za magunia, akaigeuza tena. "Mbaya kweli," alisema. Akaiingiza. Safari hii akabadilisha na sharti: wazuri waoane zaidi, lakini wabovu wachache waachwe hai kila mzunguko, hasa wasiofanana na wengine.

Ilikwenda taratibu kuliko jana. Ilipofika kumi na nne ikakaa muda mrefu sana, nikaona tumerudi kulekule. Wifi alikula embe zima. Halafu ikawa tisa. Sita. Tatu. Sifuri.

Sifuri makosa mazito. Nilimwomba aihesabu tena kwa kompyuta, kisha nikaihesabu mwenyewe kwa kidole, darasa kwa darasa, kwa saa moja na nusu. Sifuri. Mwalimu wa fizikia yuko huru Jumanne mchana na Ijumaa mchana.

Ndipo nilipoona jinsi ilivyowezekana. Kila mchana, mvua inaponyesha, madarasa mawili ya mwaka mmoja yamekaa pamoja ukumbini kwa mwalimu mmoja. Hivyo darasa lisilo na chumba limekwisha, na mwalimu mmoja amebaki huru. Ni kitu ambacho mimi nisingekifanya kamwe, kwa sababu nilikiita aibu. Wifi akafuatilia kilikotoka, mzazi kwa mzazi. Kilitoka kwa Bwana Kipenga. Katikati ya migongano arobaini na mitatu, alikuwa ameandika kila mchana: *mawili, ukumbini*.

Jumatatu, 18 Machi

Nilimkuta Bwana Kipenga uwanjani akiokota vipande vya bati. Nimewahi kuomba radhi mara chache maishani, na nyingi nilikuwa mtoto.

"Karatasi yako niliitupa kwenye droo," nilimwambia. "Sikuisoma. Niliihesabu tu."

"Najua. Nilikuona unacheka."

Hapo nilitamani jengo lingine lipoteze paa, linifunike.

"Mimi ratiba siwezi kupanga," alisema. "Sikujua walimu wa kemia ni wangapi, nilijaza tu. Lakini mchana mvua ikinyesha nawajua watoto. Kila mwaka nawapeleka madarasa mawili mawili ukumbini, wanakaa, wanasikiliza. Nilisema kwenye kikao mwaka jana. Mwaka juzi pia."

"Ulisema unapinga michezo ya mchana."

"Sasa si ndiyo hiyo?"

Tulicheka wote wawili. Nimehesabu mapingamizi yake yote ninayoyakumbuka, na karibu kila moja lilikuwa na kitu ndani yake, ila aliyafunga vibaya. Nikachukua upande mmoja wa bati, yeye upande mwingine, tukalipeleka ukutani.

Alhamisi, 21 Machi

Kikao. Nimezoea kuingia na ratiba moja na kutoka na majeraha. Leo niliingia na tatu. Hiyo ndiyo zawadi ambayo sikuifikiria: ukiwa na sitini zinazotafuta, mwisho haubaki na jibu moja la kulitetea kwa meno, unabaki na majibu kadhaa mazuri yasiyofanana. Wifi alizichapa tatu, zote bila kosa zito. Ya kwanza inawapa walimu vijana mapengo marefu. Ya pili inaweka hisabati nyingi mchana. Ya tatu ina makosa mepesi machache kuliko zote, ila inataka mtu achukue madarasa mawili ukumbini Ijumaa kipindi cha mwisho, wanafunzi themanini na wanne, mvua juu ya bati.

Wenzangu walizipima kama watu sokoni. Walibishana, lakini safari hii walibishana wao kwa wao, si na mimi. Wakaelekea kwenye ya tatu.

"Na Ijumaa?" aliuliza Mkuu. "Ni jiografia au historia, chagueni."

Mwalimu wa historia alianza kutafuta kitu kwenye mkoba wake. Jiografia ni yangu; nikainua mkono. Nisijipambe: nilishauinua nusu kwa ajili ya kujikuna, kisha nikamwona mwalimu wa fizikia anatazama sakafu, nikaumalizia.

Baada ya kikao alinikuta koridoni. Hakunishukuru. Alitoa barua mfukoni, akaichana mara nne, akatafuta pa kuitupa, hakuona, akanipa mimi.

Jumatatu, 25 Machi

Ratiba mpya imeanza. Darasa moja tu limepotea, na lilipotea kwa makusudi.

Ijumaa, 29 Machi

Ijumaa yangu ya kwanza. Sikusikika. Mvua ilipiga bati kama watu elfu wanaomwaga kokoto. Nilipiga kelele dakika arobaini, nimerudi bila sauti. Mama amenipa maji ya moto na tangawizi na hakuniuliza kitu, maana nisingejibu.

Jumatano, 3 Aprili

Maabara imeingia maji. Zamani hili lingenilaza kitandani siku tatu. Wifi alifungua zile sitini zilizohifadhiwa, akatafuta isiyotegemea maabara sana, akaiacha iendelee kuoana kuanzia hapo badala ya mwanzo. Kabla chai haijapoa tulikuwa na ratiba ya wiki mbili. Mkuu alidhani tunamtania.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimeandika kila kitu ubaoni badala ya kusema. Wamenakili kama makarani. Uchovu kwao, uchovu kwangu.

Jumapili, 14 Aprili

Kaka amerudi. Nyumba yao imekauka. Wifi amefunga mabegi yake, na mama amemfungia karanga za kulisha kijiji.

Nilimwambia mlangoni, "Nilidhani wewe ni mtu wa kucheka tu."

"Na mimi nilidhani wewe ni mtu wa kununa tu."

"Umegundua nini?"

"Unanuna na kucheka kwa wakati mmoja. Ni kipaji."

Chumba changu kimerudi. Ni kikubwa kuliko nilivyokikumbuka na sikipendi sana.

Ijumaa, 19 Aprili

Leo sikuandika wala sikusema. Somo lilikuwa mto: chanzo, vijito, bonde, delta. Nilisukuma madawati ukutani na kwa ishara za mikono nikawapanga. Ishirini kwenye jukwaa wakawa milima. Vikundi vya wawili wawili vikashuka kutoka pande zote kama vijito, vikakutana, vikaongezeka. Katikati ya ukumbi mto ukawa mpana, ukapinda mahali pagumu, wale wa nje wakikimbia na wale wa ndani wakijikokota. Nilimwona msichana wa nje akisimama ghafla, akaelewa kwa nini mto hula ukingo mmoja na kujaza mwingine. Alinishika mkono akanionyesha, kama mimi ndiye nisiyejua. Mlangoni walitawanyika vidole vitano, wakaishia barazani wakinyoosha mikono mvuani.

Kelele za mvua hazikumsumbua mtu. Tulizihitaji.

Ijumaa, 26 Aprili

Volkano. Mkuu alikuja kuuliza kuna nini. Tulimpa kazi ya kuwa majivu.

Alhamisi, 9 Mei

Jua kutwa nzima. Fundi amepita kupima.

Ijumaa, 17 Mei

Wiki ya mwisho kabla ya mitihani. Mwalimu wa fizikia alikuja ukumbini kabla ya kipindi, na hakuwa peke yake. Mke wake alikuwa ameshika fimbo mkono mmoja na bega la mumewe kwa mkono mwingine, na walichukua muda mrefu kutoka mlangoni hadi benchi la kwanza, na wanafunzi themanini na wanne walisimama bila kuambiwa.

"Hospitali imetuachia," alisema mwalimu. "Mazoezi yaliyobaki tutafanya nyumbani, asubuhi. Ijumaa yangu sasa iko wazi. Dada, umebeba mzigo wangu wiki nane. Nipe kipindi hiki mimi, na madarasa yagawanywe tena, moja likae nje kwa kuwa jua limetoka. Wewe ubaki na arobaini na mbili kama kila mtu."

Mkewe akanitazama. Maneno bado yanamtoka moja moja, lakini yanatoka. "Pumzika," aliniambia.

Nilitazama ukumbi. Madawati yalikuwa yameshasukumwa, wenyewe, bila mimi kusema. Kundi la milima lilikuwa limeshapanda jukwaani, wakigombea nani awe theluji.

"Kwa wanafunzi arobaini na wawili," nilimwambia, "napata kijito tu. Tafuta kipindi chako kwingine."

Akacheka kwa sauti, mtu yule ambaye hata chaki huogopa kuiumiza. Mkewe akaomba asaidiwe kusimama, akauliza bahari inakaa wapi. Wanafunzi wakampisha karibu na mlango, tukaanza.